Shahidi Asiyejua Kusema "Huna Kitu"

Hoja za wapimaji wa mnadani mmezisikia. Siku nzima ya mnada hapa Mgololo kipaza sauti juu ya gari kilizirudia, tangu watu wa zamu ya usiku walipotoka kiwanda cha karatasi hadi wakata magogo waliposhuka jioni kutoka kwenye misindano: "Pima mwili mzima kwa dakika moja, bila sindano, bila damu! Ganzi, miguu kuwaka moto, mikono kukosa nguvu, mashine inaona yote!" Nilisimama kando ya meza yao zaidi ya saa moja. Nilisoma kipeperushi chao chote, na jirani yangu akaniazima karatasi yake ya majibu. Nitazieleza hoja zao kama wanavyozieleza wenyewe, kisha nizijibu. Hukumu ni yenu.

Wanaanza na fizikia. Mishipa ya fahamu, wanasema, hufanya kazi kwa umeme. Penye umeme pana sumaku. Basi ukishika fimbo yao ya chuma, mashine inasoma sumaku ya mishipa yako. Nusu ya kwanza ni kweli tupu na siibishii. Tatizo liko kwenye ukubwa. Moyo wenyewe, wenye umeme mkubwa kuliko kiungo kingine chochote mwilini, sumaku yake ni kama sehemu moja ya milioni ya sumaku ya dunia. Wanasayansi waliinasa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, na kuipima vizuri kulihitaji vyumba vilivyokingwa kwa kuta maalumu. Sumaku ya mshipa wa kidole ni ndogo hata kuliko hiyo. Meza ile ya mnadani ilikuwa hatua tatu kutoka kwenye jenereta linalonguruma. Mniambie ni sikio gani linalosikia mbu akiruka ndani ya mashine ya kukoboa mpunga.

Kipimo halisi cha mishipa ya fahamu kipo, na hakifanyi kazi kwa kutega sikio. Kinabisha hodi. Mpimaji hubandika vidaka-umeme juu ya ngozi, hupiga mshtuko mdogo wa umeme sehemu moja ya mshipa, kisha huhesabu muda mpaka mwitikio ufike sehemu nyingine. Wazo hilo ni la zamani: mwanasayansi Hermann von Helmholtz alipima mwendo wa neva ya chura mwaka 1850. Kwa mtu mzima mwenye afya, mkononi ujumbe hukimbia kama mita 50 kwa sekunde au zaidi, na mguuni 40 na kitu. Pakihitajika, daktari huchoma sindano nyembamba ndani ya msuli na kusikiliza umeme wake, aone kama udhaifu umetoka kwenye mshipa au kwenye msuli wenyewe. Kinauma kidogo. Anayewaahidi kipimo cha neva kisichogusa mwili kwa lolote anawauzia raha, na raha si kipimo.

Hoja ya pili imejificha ndani ya lugha yetu, na hapa nitakaa kidogo. Karatasi ya jirani yangu imeandikwa: "mishipa imeziba". Kwa Kiswahili cha kila siku "mshipa" ni damu inapopita, ni kano ya nyuma ya goti, ni ngiri, na pia ni neva. Neno moja, mizigo minne. Wapimaji hawa wanaijua faida yake. Wakikwambia mishipa imeziba, unawaza bomba lenye uchafu, na bomba huzibuliwa, na dawa ya kuzibua iko pale pale mezani. Lakini neva si bomba. Mshipa wa damu ndio unaoziba. Mshipa wa fahamu hubanwa, huchubuka, huvuliwa ganda lake, hulishwa sumu, hufa polepole kuanzia ncha za vidole vya miguu. Kila moja kati ya hayo lina sababu yake na njia yake ya kupimwa. Muulize mpimaji ni mshipa upi ulioziba, wa damu au wa fahamu. Nilimuuliza. Akajibu: "Yote."

Wa tatu ni utetezi wa kompyuta: haidanganyi, na majibu yanatoka na desimali tatu. Sawa, kompyuta haidanganyi, inarudisha ulichoiwekea. Kabla hujaishika fimbo unaulizwa jina, jinsia, umri, urefu na uzito. Mwanamume wa miaka 60 mwenye mwili mkubwa, hata mimi nisiye na mashine naweza kubahatisha kwamba magoti yanamsumbua. Jaribio ni jepesi: kaeni mara mbili, ya pili mtaje umri mwingine na jinsia nyingine, muone kama fimbo itagundua kwamba mkono ni ule ule. Nililiomba, nikaambiwa foleni ni ndefu. Na katika saa ile yote hakuna hata mmoja aliyeondoka na jibu kwamba yuko salama. Shahidi anayemtambua kila anayeletwa kizimbani kuwa ndiye mwizi hafai hata siku anaposema kweli.

Vipimo vya kweli hujua kukana, na kukana kwao kuna kazi. Mwaka 1985, wilayani Tarime, watu walianza kushikwa na udhaifu wa ghafla wa miguu yote miwili. Uchunguzi ulionyesha kuwa ni konzo, ugonjwa unaofuata ulaji wa muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha wakati wa ukame. Jina lenyewe limetoka Kongo, kwa Wayaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Hisia za ngozi zilikuwepo. Kinyundo cha mpira kikigonga goti, mguu uliruka kupita kiasi. Dalili hizo mbili zikasema: hitilafu haiko kwenye mishipa ya miguu, iko juu, kwenye njia zinazoshuka kutoka ubongoni. "Hapa hapana kitu" ndiyo iliyoelekeza macho pale penye kitu. Mashine ya mnadani ingewaambia wote mishipa imeziba.

Hoja ya nne ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na sitaipunja: hospitalini umepigwa picha ya eksirei, ukaambiwa "picha iko safi", ukarudishwa nyumbani na maumivu yako. Ni kweli inatokea, na ni kosa la anayetamka maneno hayo kana kwamba amemaliza kazi. Eksirei huonyesha mfupa. Neva haionekani humo. Niongeze na lingine ambalo wao hawakulitaja: hata kipimo kile cha umeme kina upofu wake. Kinaona mishipa minene. Nyuzi nyembamba kabisa, zile zinazobeba maumivu ya kuwaka moto, zinakipita. Tena mkono wa baridi hukidanganya, kwa kuwa mwendo wa neva hupungua kama mita 2 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya joto inayoshuka. Asubuhi ya Julai huku Mufindi, mpimaji asiyepasha mikono moto kwanza anaweza kumpa mzima ugonjwa. Lakini angalieni walivyojichanganya. Wanasema vifaa vya hospitali havioni kitu, kisha karatasi yao wanaipanga kama majibu ya maabara ya hospitali, yenye safu ya "kiwango cha kawaida" na kisanduku cha sahihi. Na kipimo kinachokiri upofu wake hakiwi sawa na kile kisicho na macho kabisa.

Ushuhuda wa waliopona nitaupitia haraka. Uso uliopooza upande mmoja bila sababu kujulikana hurudi wenyewe kikamilifu kwa takriban watu saba kati ya kumi. Ganzi ya mikono ya mama mjamzito mara nyingi huondoka akishajifungua. Aliyeuza chochote katikati ya muda huo atashukuriwa.

Kuhusu dawa yao nina jambo moja. Kopo nililolishika limejaa vitamini B6, na wanalisifu kwa wingi huo. Vitamini hiyo inahitajika. Anayetumia dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi hupewa kiasi kidogo ili dawa hiyo isimharibie neva. Ila B6 ikinywewa kwa wingi kwa muda mrefu, yenyewe huleta ganzi ya miguu. Jambo hilo limeandikwa na madaktari tangu 1983. Mteja wa namna hiyo hatakosa kurudi mezani.

Inabaki hoja ya umbali: Mafinga ni mbali, Iringa mbali zaidi, mtaalamu wa neva ni wa kusafiriwa, basi afadhali hiki kuliko kukosa kabisa. Umbali naukubali, barabara yetu wakati wa masika ninaijua. Nisichokubali ni hilo "kukosa kabisa". Sehemu kubwa ya uchunguzi wa ganzi na udhaifu haihitaji mashine. Inahitaji mtu anayeuliza na kugusa: unafanya kazi gani, unatumia dawa zipi, inaanzia vidoleni au mgongoni, upande mmoja au pande zote mbili? Mwendesha chenso anayeamka usiku kukung'uta mkono ana kisa tofauti na mwenye kisukari anayetembea na mwiba unyayoni bila kujua. Kiuzi cha nailoni kinachopinda kwa mkandamizo wa gramu 10, kikigusa unyayo huku mgonjwa amefumba macho, humwambia mhudumu wa afya mengi kuliko kompyuta ile. Tone moja la damu hupima sukari. Kijipamba kikipitishwa juu ya baka lililofifia, mgonjwa asipohisi, ni ishara ya ukoma, na dawa yake ni bure.

Na lipo lile lisilotajwa kwenye kipaza sauti. Utafiti wa kitaifa wa 2016-17 ulikuta VVU kwa asilimia 11.3 ya watu wazima wa Iringa, 11.4 Njombe na 9.3 Mbeya. VVU ni chanzo kikubwa cha miguu kuwaka moto, na baadhi ya dawa za zamani zilikuwa hivyo pia. Mojawapo ni stavudini, ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe. Kupima VVU ni bure na ni dakika chache. "Bila damu" wanayojivunia maana yake ni kwamba, katika nyanda hizi, swali la kwanza la haki halijaulizwa.

Nimemwacha mtoto mwisho. Mama mmoja alimleta mvulana wake ambaye mguu wake ulikuwa umelegea ghafla siku chache zilizopita. Akashikishwa fimbo, akapewa mafuta ya kuchua, akaambiwa arudi mnada ujao waone maendeleo. Kwa mtoto wa chini ya miaka 15, ulegevu wa ghafla huripotiwa mara moja kama unaoshukiwa kuwa polio, na sampuli mbili za choo huchukuliwa kwa kupishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze. Msiseme polio ni habari ya zamani: mwaka 2023 mtoto alithibitika kuwa nayo mkoani Rukwa, ikitokana na kirusi cha chanjo kilichobadilika. Mnada wetu ni mara moja kwa mwezi. Nilimfuata yule mama kwenye vibanda vya mitumba, tukapanda bodaboda pamoja hadi zahanati. Ilikuwa siku ya tisa.