Usanidi wa nodi si wa kunakili

Juni 2018, watafiti wa usalama wa mitandao wa kampuni ya Qihoo 360 ya China walitangaza kuwa genge moja la wezi lilikuwa limejikusanyia etha 38,642, ambazo kwa bei ya siku hizo zilizidi dola milioni 20 za Marekani. Wezi hao hawakuvunja kanuni za kihisabati zinazoulinda mtandao wa Ethereum. Walipita kwenye poti namba 8545, mlango ambao nodi hupokelea maombi, na waliowafungulia ni wenye nodi wenyewe.

Nodi ni kompyuta inayoendesha programu ya blokucheni: hupokea miamala, huihakiki na kutunza daftari la pamoja. Mwenendo wake hupangwa kwa amri ya kuiwashia au kwa faili dogo la usanidi, ambalo kwa Bitcoin huitwa bitcoin.conf. Faili hilo ndilo watu hulinakili intanetini na kulibandika bila kulisoma, na huo ndio mwanzo wa hasara.

Geth, programu inayoendesha nodi nyingi za Ethereum, huja ikiwa imeifunga poti hiyo. Hata mwenye nodi akiifungua, husikiliza maombi ya kompyuta hiyohiyo tu. Hatari huingia pale anapobandika anwani 0.0.0.0, yaani nodi isikilize kila upande. Kama mashine haina ngome ya mtandao, yeyote duniani anaweza kuitumia maombi.

Wezi walitumia programu zilizozunguka intanetini zikitafuta poti hiyo. Zikiipata, ziliuliza akaunti zilizopo na salio lake, kisha zikatuma ombi la kuhamisha fedha, tena na tena, bila kuchoka. Siku mwenye nodi alipoweka nywila ili amlipe mtu, akaunti ilibaki wazi kwa sekunde 300, muda uliopangwa na watengenezaji. Ombi la mwizi likapenya humo.

Inauma zaidi kwa kuwa Taasisi ya Ethereum ilikuwa imeshatoa onyo kuhusu jambo hilo tangu Agosti 2015, mwezi haujaisha tangu mtandao uzinduliwe. Mwaka 2019 toleo la Geth 1.9 lilianza kukataa kufungua akaunti huku mlango wa maombi ukiwa wazi, mpaka mwenyewe aandike amri ya kuikubali hatari hiyo. Watengenezaji walifanya vyema. Lakini anayenakili kila kitu atainakili na amri hiyo.

Madhara si ya wizi peke yake. Historia yote ya miamala ya Bitcoin tangu Januari 2009 sasa imepita gigabaiti 600. Mwenye diski ndogo anaweza kuandika prune=550, na nodi yake itahakiki kila bloku kisha ifute za zamani, ikibakiza takriban megabaiti 550 za bloku, mbali na gigabaiti kadhaa za kumbukumbu ya sarafu ambazo hazijatumika. Akinakili faili la mtu mwenye diski kubwa lenye mstari txindex=1, unaotaka faharasa ya miamala yote, nodi haitawaka: amri hizo mbili hazikai pamoja.

Kwa anayelipia intaneti kwa bando, mstari wa maxuploadtarget una uzito uleule. Huiambia nodi ijitahidi isivuke kiasi fulani cha data inayotuma kwa saa 24. Faili lililoandikwa kwa ajili ya seva iliyokodiwa Ulaya halina sababu ya kuujali mstari huo. La mkazi wa Mwanza au Kisumu linayo.

Blokucheni inasifiwa kwa sababu kila mtu anaweza kujihakikia mwenyewe bila kutegemea benki wala dalali. Sifa hiyo haina maana kwa mtu asiyejua nodi yake inamsikiliza nani na inatunza nini. Nguo ya kuazima haimkai kila mtu.

Kwa hiyo wanaoendesha mafunzo ya teknolojia hii wasigawe faili lililokamilika. Wawape wanafunzi faili tupu, waongeze mstari mmoja mmoja, na kila mstari mwanafunzi aeleze kazi yake kabla ya kuwasha nodi. Asiyeweza kuueleza, aufute. Na nodi inayopokea maombi kutoka nje isihifadhi funguo za fedha za mtu yeyote.