Mali ya Kasongo ilitoka wapi?



Kila ninapokaa na vijana, mazungumzo hayakawii kufika kwa matajiri. Nani ana magari, nani amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, nani ananunua dhahabu ya watu kumi kwa siku moja. Na jibu ni lile lile: "Pasta, hakuna mutu anatajirikaka bure. Kuko dawa."

Leo sitabishana juu ya dawa. Nataka tumwangalie tajiri mmoja tu, ambaye katika historia ya Kasongo na Kabambare sijui kama ametokea mwingine wa kumpita, tuihesabu mali yake kipande kwa kipande. Tuna bahati, kwa sababu mtu huyu alieleza maisha yake kwa kinywa chake, tena kwa Kiswahili. Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha maneno yale mwanzoni mwa miaka ya 1900. Jina lake ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Babu zetu walimwita Tippu Tip, na mwenyewe alisema jina lile ni mlio wa bunduki zake. Fungua kitabu chake na utaona anavyopenda hesabu: bunduki ngapi, nguo ngapi, pembe ngapi.

Alizaliwa Zanzibar karibu mwaka 1837. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Tabora, aliyeoa katika nyumba ya mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kwa hiyo kijana hakuanza kama yatima. Alikuwa na jina la baba na njia iliyofunguliwa tayari. Lakini feza hakuwa nayo. Alianza kwa deni.

Hapo nataka usome polepole, maana ndipo penye mzizi wa habari yote. Zanzibar ya siku zile ilikuwa na matajiri wa Kihindi ambao hawakufika bara hata siku moja. Walikaa dukani. Mtu anayetaka kwenda bara kutafuta pembe za tembo alifika kwao, nao wakampa, si feza mkononi, bali vitu: nguo za merikani, ushanga, baruti, bunduki. Vitu vile viliandikwa kwa bei ya juu kuliko bei ya sokoni, maana mwenye mali alijua kwamba atangoja miaka miwili, mitatu, hata zaidi. Mtu akirudi, analipa kwa pembe. Akifa njiani, ndugu zake wanaulizwa. Mwanzoni Hamed alikopa kidogo kidogo kwa watu wengi. Jina lake lilipokuwa kubwa, mtu mmoja akajitwika mzigo wote: Taria Topan, Mhindi aliyefika Zanzibar akiwa mtoto. Tutarudi kwake.

Mwaka 1867 Hamed alifika kwa Nsama, mfalme wa Watabwa, kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru. Nsama alikuwa na pembe nyingi na jina la kutisha. Wakapigana. Hamed anasema Nsama ndiye aliyeanza kwa hila. Nsama hakuandika kitabu. Bunduki mia na kidogo zilishinda mishale ya watu maelfu, na ghala ya mfalme ikawa ya mgeni. Kitabu kinasema pembe zilizotekwa zilizidi frasila 1,900. Frasila moja ni kama kilo 16. Piga hesabu, kijana: ni karibu tani 30. Mpagazi mmoja anabeba kama frasila mbili. Basi vinatakiwa vichwa na mabega ya watu karibu elfu moja, wa kutembea mpaka pwani. Ule ndio uliokuwa mtaji wake wa kwanza wa kweli. Aliununua kwa nini? Kwa baruti ya deni.

Kisha akaja upande wa kwetu. Njiani, katika nchi ya Utetela, alifanya jambo ambalo wazee wanalisimulia wakicheka na kutikisa kichwa. Alisikia kwamba mzee Kasongo Rushie alipotewa na ndugu wa kike waliotekwa zamani sana. Akatafuta majina, akapanga ukoo, akamwambia mzee: mimi ni mjukuu wa dada yako. Mzee akaamini, akampa nchi pamoja na haki ya pembe zote zinazopatikana. Wengine huita jambo hili akili ya biashara. Mimi naliita uongo, na ninaliweka kwenye hesabu pamoja na zile bunduki.

Mwaka 1875 akakaa Kasongo, ile ya zamani, pale panapoitwa Tongoni. Nyangwe palikuwa pamekwisha kukaliwa na Wangwana wengine, akina Mwinyi Dugumbi. Kutoka Kasongo barabara ilipita Kabambare, ikateremka mpaka Tanganyika, ikavuka kwenda Ujiji, Tabora, mpaka Bagamoyo. Ni zaidi ya kilometa 1,300. Ninyi watu wa Kabambare mara nyingi mnajiona kama mko mwisho wa njia. Siku zile mlikuwa katikati yake: kila pembe ya Kasongo ilipita mlangoni kwenu, na kila bunduki pia.

Kwa nini pembe zilikuwa rahisi hapa? Livingstone alikaa Kabambare miezi mingi, kuanzia mwaka 1870 mpaka mwanzo wa 1871, vidonda vya miguu vikimzuia kutembea, na aliandika mambo mengi aliyoyaona na kuyasikia. Babu zetu walipenda nyama ya tembo. Pembe zake hawakuzithamini sana. Nyingine zilisimamishwa kama nguzo, nyingine zilioza msituni. Hawakuwa wajinga. Hakuna aliyewaambia bei ya Zanzibar. Mfanyabiashara wa kwanza alitoa ushanga na waya wa shaba, wakaridhika pande mbili. Lakini baada ya miaka michache pembe za zamani zilikwisha na wenyeji walianza kujua bei. Hapo ndipo biashara ilipogeuka. Kijiji kilizungukwa usiku, wanawake na watoto wakashikwa, na mume akaambiwa: leta pembe, uchukue mke wako. Asiye na pembe, mke alikwenda kubeba za wengine.

Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko pale Nyangwe, watu wa Dugumbi waliwapiga risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Wengine walizama Lualaba wakikimbia. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alikuwa pale, akaona kwa macho yake, akaondoka Nyangwe. Hamed hakuwapo siku ile. Hata hivyo, alipofika kukaa, alikuta nchi iliyokwisha kufundishwa kuogopa, na mtu mwoga hauzi kwa bei nzuri.

Wala mali haikuwa pembe tu. Watumwa walilima. Mpunga, miwa, michungwa, yote yale yalienea huku kwa mikono yao. Daktari Mwingereza Hinde, aliyeingia Kasongo na jeshi mwaka 1893, aliandika habari za nyumba zenye vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, ghala zilizojaa, bustani za matunda. Wanaosoma habari ile husema, kumbe Kasongo ilikuwa na maendeleo! Ndiyo, ilikuwa nayo. Uliza tu nani alilala juu ya godoro.

Sasa turudi kwa Taria Topan. Tippu Tip alikaa bara kama miaka 12 bila kurudi Zanzibar, mpaka 1882. Alipigana, aliugua, alizika watu. Mwaka 1876 alimsindikiza Stanley kuteremka mto kwa mapatano ya dola 5,000, na baadaye akalalamika juu ya ahadi ambazo hazikutimizwa. Miaka yote ile Taria alikaa dukani. Pembe zilipofika, deni lake lililipwa na faida juu. Tena aliwahi kukodi ushuru wote wa forodha ya Zanzibar kwa Sultani, basi pembe ile ile ilimlipa mara mbili, mara ya kwanza kwa deni, mara ya pili kwa ushuru. Malkia Victoria wa Uingereza akampa heshima ya Sir. Mwaka 1887 alianzisha jengo zuri la hospitali mbele ya bahari, akafa 1891, likamalizwa baada yake. Liko Zanzibar mpaka leo, na watalii hulipiga picha. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema hakutoa jasho katika barabara ya Kabambare.

Na mbele ya Taria kulikuwa na wengine tena. Pembe zilipanda meli kwenda Ulaya, India na Marekani. Katika jimbo la Connecticut kuna mji mdogo unaoitwa Ivoryton, maana yake mji wa pembe, ambapo kiwanda kilikata pembe za Afrika kuwa vidole vya vinanda. Nyimbo za Mungu pia zilipigwa juu ya vidole vile, katika makanisa ya watu wema ambao hawakuwahi kusikia jina Maniema. Na nguo ya merikani ambayo babu yako alipewa, jina lake linakuambia ilikotoka.

Mwisho wa utajiri ule mnaujua. Mwaka 1887 mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya Tippu Tip kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mtu wa tani 30 za pembe akapewa pauni 30! Mwaka 1890 aliondoka, hakurudi tena. Vita vilianza 1892. Nyangwe ilianguka mwezi wa tatu 1893, Kasongo mwezi wa nne. Mtoto wake Sefu aliuawa mwezi wa kumi mwaka ule ule. Kabambare ilichukuliwa mwezi wa kwanza 1894. Ngongo Lutete, aliyekuwa mtumwa, akawa mkubwa kwa kumtumikia Tippu Tip, kisha akahamia kwa Wabelgiji na kuwashindia vita, walimpiga risasi wao wenyewe mwaka 1893. Walisema wamekuja kukomesha utumwa. Lakini pembe zilizokutwa Kasongo hazikurudishwa kwa wenye vijiji. Zikawa mali ya serikali ya Leopold, ambayo baadaye iliwadai watu wale wale mpira na pembe kwa mjeledi. Kwa hiyo, ndugu mkristo, usije ukamnyoshea kidole jirani yako mwislamu wa Kasongo juu ya habari hii. Leopold alikuwa wa dini gani?

Sasa Salamabila. Kijana mmoja wa kanisa alinieleza alivyoingia shimoni. Hakuwa na koleo, wala chakula. Mnunuzi mmoja alimpa vyote: mchele, maharagwe, samaki, tochi, nyundo. "Mzuri sana, Pasta, hakuniomba hata franga." Walipatana kwamba dhahabu yote atamuuzia yeye. Baada ya miezi minne alikuwa ameleta dhahabu mara tisa na bado ana deni. Nikamwuliza kilo ya mchele iliandikwa bei gani. Hakujua. Mzani ni wa nani? Wa mnunuzi. Bei ya gramu mjini leo ni ngapi? Hakujua. Tulikaa na daftari jioni nzima. Tulipomaliza, ilionekana mchele wa shimoni ulikuwa umeandikwa zaidi ya mara mbili ya bei ya soko. Na yule mnunuzi naye, tukiulizana vizuri, amekopa kwa mwingine aliye mjini mkubwa, na yule ana mwingine nje ya nchi. Nguo za merikani zimekwisha. Barabara ni ile ile.

Simwambii mtu asikopeshwe. Bila mtaji hakuna kazi. Nawajua wamama wa Kasongo waliokopeshana feza kwa zamu, kila mmoja akijua bei ya gunia lake hapa na bei yake Kindu, na leo watoto wao wanasoma. Nawajua vijana wanaosukuma baiskeli za mchele na mafuta ya mawese katika matope, wakalipa baiskeli, wakanunua ya pili. Mali yao ni ndogo. Lakini waulize imetoka wapi, watakueleza mpaka franga ya mwisho, bila kutazama chini.

Tippu Tip alikufa Zanzibar mwezi wa sita 1905. Inasemwa aliwahi kuwa na mashamba saba na watumwa elfu kumi. Stanley alikuwa amemshitaki juu ya pauni 10,000 zilizowekwa kwa Taria, kesi ikaachwa. Huku Tongoni walibaki wapagazi wake na wajukuu wa wapagazi wake, ambao hawamo katika kitabu ila kwa hesabu ya vichwa.

Ndiyo maana naomba msaada wenu. Wazee wa Kabambare, na ninyi wa barabara ya kwenda Tanganyika: kama katika ukoo wenu yuko babu au bibi aliyebeba pembe, na jina lake bado linatajwa, na inajulikana aliondoka kijiji gani na kama alirudi, mwandikieni barua kijana anayejua kuandika, aipeleke kwa mchungaji wa parokia yenu, nasi tutaipata. Majina tutakayopokea tutayachapa mwezi ujao kwenye ukurasa huu huu.