Kuitetea Redio Ndogo

Msomaji kijana, nakuomba ujipime kwa maswali mawili. Ni nani aliyefunga bao juzi katika mchezo wa mpira uliochezwa Uingereza? Na ni kwa nini kijito kilicho karibu na kwenu, ambamo babu yako alioga mwaka mzima, sasa hukauka kabla ya mvua kurudi? Nachelea kuwa la kwanza utalijibu kabla sijamaliza kuliuliza, na la pili litakuinamisha kichwa. Sikulaumu kwa kujua habari za mbali, maana elimu haina mpaka. Nalaumu ujuzi uendao mbali na usirudi nyumbani. Wazee walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyoka yu mlangoni, nasi twaishangilia fimbo iliyo ng'ambo ya bahari.

Kwa sababu hiyo nataka kuitetea redio ndogo, yaani redio ya jamii, ile ambayo sauti yake huvuka vilima vichache na kukoma. Sheria ya Kenya yaitambua kuwa daraja la peke yake: ni ya jamii, wala haikuwekwa ili kumtajirisha mtu. Wengi huicheka. Husema kuwa watangazaji wake hawana ufundi, mitambo yake ni duni, na mazungumzo yake ni ya mbuzi waliopotea na mikutano ya chifu. Mimi nasema kuwa wachekao hawakijui wanachokicheka. Mbuzi aliyepotea ni karo ya mtoto wa mtu, na mkutano ambao hukupata habari zake ndio uliokata shauri juu ya maji yako.

Tutazame Makueni, katika nchi kavu ya Ukambani. Mwaka 2004, upande wa Mtito Andei, vikundi vya wanawake vilivyoungana kwa kazi za maendeleo vilianzisha redio iitwayo Mang'elete. Ni nchi ambayo kosa dogo la majira huadhibiwa kwa njaa. Mvua za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, huaminika huko kuliko za masika, kati ya Machi na Mei. Mkulima wa huko akiambiwa na kituo cha mbali kuwa mvua yatarajiwa mashariki ya nchi, amepewa neno lisilo na mkono wala mguu. Anachotaka kujua ni hiki: Je, nipande pojo juma hili au ningoje? Ndovu wa Tsavo wameonekana upande gani? Ni nani auchukuaye mchanga wa mto wetu? Mchanga huo si takataka, maana ndio uhifadhio maji chini yake wakati wa kiangazi, na kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015. Lakini sheria isiyotangazwa kwa lugha ya mwenye jembe ni taa iliyofunikwa chungu. Redio kubwa itaitaja mara moja, kama itaitaja. Redio ndogo yaweza kuirudia kila juma hata mtoto akaijua na mwenye lori akasita.

Wala faida hii si ya shamba tu. Mwaka 2006 vijana wa Korogocho, mtaa wa Nairobi ambao wengi huutaja kwa dhiki na uhalifu tu, walianzisha Koch FM ndani ya kontena la chuma. Itazame heshima iliyomo katika tendo hilo: watu waliozoea kusemwa waliamua kusema.

Tena yako mambo ya utawala. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 35, imempa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 10 kimeweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa misingi ya utawala. Lakini raia atashirikije katika mkutano wa makadirio ya fedha ambao habari zake humfikia ukiwa umekwisha? Tuna kaunti 47, na kila moja ina zahanati zake. Redio ya taifa haiwezi kuuliza kwa nini zahanati ya kila kijiji imekosa dawa. Redio ndogo yaweza kumwita mhusika aje ajibu mbele ya watu wale wale akutanao nao sokoni, na hapana mtihani mgumu kuliko huo.

Wapo wasemao kuwa simu ya mkononi imeiua redio. Hoja yao ni nyepesi. Simu hukupa ukitafutacho; redio ya jirani hukupa jambo ambalo hukujua kuwa walihitaji. Tena uvumi wa simuni hauna baba wala mama, lakini mtangazaji wa kwenu ana jina, na nyumba yake yajulikana. Akisema uongo asubuhi, jioni atakutana na aliowadanganya.

Wapo pia wasemao kuwa lugha za nyumbani hewani huchochea ukabila. Hoja hii ni nzito, nami siikwepi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 walikufa katika ghasia, na baadhi ya vituo vya lugha za makabila vililaumiwa kwa uchochezi. Lakini kosa lilikuwa la kinywa, si la lugha. Kisu kilichomkata mtoto hakitupwi. Mtoto hufundishwa kukishika. Lugha ile ile itukanayo jirani ndiyo iwezayo kumwombea radhi. Dawa ya mchochezi ni sheria na wasikilizaji wenye akili, si ukimya.

Wa mwisho husema kuwa redio ndogo haina fedha. Hawa wamesema kweli, na hapa ndipo ilipo hatari. Kituo chenye njaa hushawishika kuuza kinywa chake. Mwanasiasa hununua saa nzima ya jioni, mganga wa uongo hununua asubuhi, na kutwa nzima hujazwa nyimbo. Redio ya namna hiyo siitetei. Ikiwa imeiacha jamii, imekufa, hata kama yaimba.

Kumbuka yaliyopita. Mwaka 1982 kituo kidogo kilianzishwa Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, kwa msaada wa UNESCO, miongoni mwa vya kwanza vya namna yake katika Afrika. Mwaka 1984 kilifungwa. Siku hizo hewa yote ilikuwa mikononi mwa serikali. Leo mlango u wazi, na adui wa redio ndogo ni dharau yetu wenyewe. Kilichofungwa kwa amri chaweza kufunguliwa kwa amri. Kilichoachwa na wenyewe kitafunguliwa na nani?

Usiniambie kuwa wewe ni mwanafunzi tu. Shule yenu ikipima mvua, hesabu zake zapaswa kusikika kijijini. Ukiona bomba la maji limepasuka juma la tatu, unayo habari. Bibi yako ajuaye majina ya miti na dawa zake ana kipindi kizima kichwani mwake, nacho kitazikwa pamoja naye usipomwongoza mpaka kituoni. Likizo ijayo, itafute redio ya kwenu. Isikilize siku saba bila kuicheka. Ikikosea, waandikie waisahihishe. Ikinyamaza juu ya jambo la haki, waulize kwa nini. Kisha rudi kwenye lile swali langu la pili, la kijito, ukalijibu hewani ili majirani wakusikie.