Umepimwa lehemu: soma kipimio kabla ya kuogopa namba

Siku hizi kambi za upimaji wa afya hazikosekani kwenye minada, viwanja vya Nanenane na mikutano ya dini. Watu wanarudi nyumbani na karatasi yenye namba, kisha wanatupigia simu. Swali linalojirudia ni la lehemu, ile ambayo wengi tunaiita kolestro: "Nina 190, je, nitapata kiharusi?"

Tunachouliza kwanza ni kipimio. Maabara nyingine huandika mg/dL, nyingine mmol/L. Lehemu ya jumla ya 190 mg/dL ni sawa na 4.9 mmol/L, na kwa mtu mzima hicho ni kiwango cha kawaida, maana mpaka unaotumika sana ni 200, yaani 5.2. Kwa hiyo mwenye 190 na mwenye 4.9 wana hali moja, ila mmoja amelala na mwingine amekesha.

Namba ya jumla peke yake haitoshi. Inayoziba mishipa ni LDL, lehemu mbaya. Kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine, hutakiwa iwe chini ya 3.4 mmol/L (130), na kwa mgonjwa wa moyo au kisukari hutakiwa iwe chini zaidi. LDL ikifika 4.9 (190) ni nyingi mno, na huenda ni ya kurithi, hata kwa mtu mwembamba anayelima kila siku. Tazama vizuri: 190 ileile haina shida kwenye mstari wa jumla, lakini kwenye mstari wa LDL ni sababu ya kumwona daktari mapema. HDL, lehemu nzuri, isishuke chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Mstari wa trigliseridi ndio unaopanda ukishakula. Ndiyo maana baadhi ya wapimaji hukutaka ufunge saa 9 hadi 12, ingawa kwa kipimo cha kwanza kufunga si lazima.

Sasa tuje kwenye biashara. Pembeni ya baadhi ya kambi hizi huwa kuna meza ya dawa za "kusafisha mishipa", na muuzaji huanza kwa kuuliza kama unahisi ganzi au uchovu. Nani anayelima asichoke? Lehemu nyingi kwenye damu kwa kawaida haina dalili yoyote, kwa hiyo anayeitambua kwa ganzi anakisia. Dawa zenye ushahidi ni statini, na huandikwa na mtabibu baada ya kuangalia mambo mengine.

Mambo hayo mengine ndiyo yanayoachwa nyuma. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali ya kukadiria hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa miaka 10, yakiwamo ya ukanda wetu wa Afrika Mashariki. Yanaangalia umri, jinsia, sigara, presha, kisukari na lehemu. Lipo pia jedwali lisilohitaji damu kabisa: badala ya lehemu na kisukari linatumia uzito na urefu. Kwa zahanati isiyo na maabara, mzani na mashine ya presha vinatosha kuanzia. Kwa maoni yetu, mwenye nauli ya safari moja tu aitumie kupima presha kabla ya lehemu.

Na ile chupa ya mafuta iliyoandikwa "haina kolestro"? Ni kweli, lakini hakuna mafuta ya mimea yenye lehemu ya kutia hofu. Ini lako ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya lehemu, na mafuta yanayoganda huongeza LDL. Mawese karibu nusu yake ni ya aina hiyo. Ya nazi ni zaidi ya asilimia 80. Alizeti ina kidogo.

Ukipimwa tena, omba karatasi yenye mistari yote minne na vipimio vyake, uende nayo kituo cha afya pamoja na ile ya zamani. Kama ulipimwa ukiwa mjamzito au mgonjwa sana, mwambie mtabibu, kwani hali hizo hubadilisha namba.