"Mgonjwa yuko poa": nani kasema?

Wadau, hili la wodini linanikera. Mtu katoka oparesheni kubwa ya tumbo, halalamiki kifua, basi tunaandika "yuko poa". Jamani, dawa za maumivu zinaficha mengi! Moyo ukiumia humwaga troponini kwenye damu, na kipimo huiona hata kama mgonjwa hasikii kitu.

Mwongozo wa Ulaya wa 2022 unataka wenye hatari wapimwe kabla, kisha saa 24 na 48 baadaye. Na utafiti wa nchi 25 za Afrika, uliotoka 2018, ulikuta vifo baada ya oparesheni ni mara mbili ya wastani wa dunia.

Ghali? Sawa, tusipime wote. Tuanze na wazee, wenye presha na kisukari. Manesi wenyewe wachache, angalau wajue wamkazie macho nani usiku. Mnasemaje?