SoftBank na roboti za ABB: Kinachonunuliwa siyo chuma

Oktoba 2025, SoftBank ya Japani ilitangaza makubaliano ya kununua kitengo cha roboti cha ABB ya Uswisi kwa dola za Marekani bilioni 5.375. Kitengo hicho kina wafanyakazi wapatao 7,000, na mauzo yake ya mwaka 2024 yalifika dola bilioni 2.3.

Kinachoshangaza ni mnunuzi. SoftBank ni kampuni ya simu na uwekezaji, siyo ya mitambo. Inamiliki sehemu kubwa ya Arm, wabunifu wa chipu zinazoendesha karibu kila simu janja, na imewekeza mabilioni OpenAI, wenye ChatGPT. Sasa mikono ya chuma ya kuchomelea magari ya nini?

Jibu liko kwenye namna roboti inavyofundishwa kazi.

Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, ilianza kazi General Motors, New Jersey, mwaka 1961. Ilibeba vyuma vya moto na kurudia mwendo uleule kutwa nzima. Miongo mingi baadaye mambo hayakubadilika sana: fundi anaiandikia roboti kila hatua. Ukibadilisha bidhaa, kazi inasimama, fundi anaitwa tena, na bili inakuja. Kiwanda cha magari kinavumilia, maana gari moja hutengenezwa miaka kadhaa. Karakana inayopokea oda mpya kila wiki haiwezi.

Siku hizi kazi hiyo huanzia kwenye kompyuta. Mhandisi anajenga nakala ya kidijitali ya kiwanda, anaijaribu mpaka makosa yaishe, ndipo maelekezo yanapelekwa kwa roboti yenyewe. Kamera na akili mnemba zinaiwezesha kutambua kitu hata kikiwa kimelala upande. Kuna hata roboti ndogo, kama za Universal Robots ya Denmark, ambazo unashika mkono wake, unauonyesha njia, nao unakumbuka.

Wakati huohuo, chuma chenyewe kimekuwa bidhaa ya kawaida. Kwa takwimu za Shirikisho la Kimataifa la Roboti (IFR), mwaka 2024 zilifungwa roboti 542,000 duniani, na 295,000 kati ya hizo ni China. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, watengenezaji wa Kichina waliwapita wageni katika soko lao, kwa asilimia 57. Kushindana nao kwa bei ya mkono ni kujiumiza tu.

Kwa hiyo faida inahamia kwenye programu, na huko ndiko SoftBank inakotaka kuwa. Siyo kwamba itafanikiwa lazima. Ndiyo hao waliouza Pepper, ile roboti ya kusalimia wateja madukani, kisha wakasimamisha uzalishaji wake.

Wa kuwa macho zaidi ni mwenye kiwanda. Roboti hudumu miaka mingi, na sasa ubora wake utategemea masasisho ya kampuni iliyo mbali, ambayo pia inaweza kutaka data za kazi yake.

Pande hizo zilitarajia kukamilisha mauzo katikati au mwishoni mwa 2026, baada ya vibali vya Ulaya, Marekani na China. Na China, ambako ABB ina kiwanda kikubwa cha roboti Shanghai, ina roboti zake za kuuza.