Funzo la Mfereji wa Panama

Si kila ashindwaye hupoteza. Ukweli huo ulidhihirika nchini Marekani katika mzozo wa Mfereji wa Panama.

Tarehe 7 Septemba 1977, Rais Jimmy Carter na Jenerali Omar Torrijos walitia saini mikataba ya kuurejesha mfereji mikononi mwa Wapanama ifikapo mwisho wa 1999. Kwa maoni yetu, hiyo ilikuwa haki iliyochelewa. Mkataba wa 1903, ulioipa Marekani mamlaka ya milele juu ya ukanda wa mfereji, ulisainiwa kwa niaba ya Panama na Mfaransa, Philippe Bunau-Varilla.

Lakini Wamarekani wengi walihisi wananyang'anywa mali yao. Ronald Reagan, aliyekwisha kushindwa mara kadhaa katika kinyang'anyiro cha chama cha Republican cha 1976, alilishika suala hilo na kushinda North Carolina mwezi Machi. Wahafidhina walipoona hivyo, walianza kampeni. Richard Viguerie na wenzake walituma barua kwa wingi majumbani, wakaomba fedha na kukusanya majina ya waungaji mkono.

Mwaka 1978 Seneti iliidhinisha mikataba yote miwili kwa kura 68 dhidi ya 32, kura moja tu zaidi ya idadi iliyohitajika. Wahafidhina walishindwa, ila walibaki na majina, fedha na hasira ya wapiga kura. Seneta Thomas McIntyre aliangushwa mwaka huo huo. Frank Church, aliyeitetea mikataba hiyo Senetini, akaanguka 1980, mwaka ambao Reagan alichaguliwa Rais. Hatusemi kwamba mfereji pekee ndio uliowaangusha, kwani ughali wa maisha nao ulichangia. Lakini mfereji ndio uliowafunza wahafidhina kujipanga.

La kustaajabisha ni kwamba Reagan alipokwisha kushika madaraka hakuivunja mikataba hiyo. Mfereji ulikabidhiwa tarehe 31 Desemba 1999. Hata hivyo, Januari 2025 Rais Donald Trump alitangaza tena nia ya kuutwaa.

Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Lakini kunguru wanapogombana, panzi asijidhani yu salama. Haki ya taifa dogo huweza kugeuzwa chambo cha kura katika taifa kubwa. Kwa hiyo hapana budi viongozi wanaotia saini mikataba ya haki wawaelimishe wananchi wao mapema, kabla wengine hawajawatia hofu.